Onja kwanza: mwongozo wa kutembelea masoko ya vyakula na maduka ya deli katika miji ya Uingereza

Wengi wetu tulioko Uingereza tunanunua chakula supamaketi kwa kuwa humo huhitaji kusema na mtu. Bei imebandikwa, mashine inapokea kadi, unatoka. Mimi niliishi hivyo Leicester kwa miaka minne. Kila Jumamosi nilipita mbele ya kiduka chenye soseji zinazoning'inia dirishani na magurudumu ya jibini yaliyopangwa kwenye rafu mpaka juu, na sikuthubutu kuingia. Niliona ni mahali pa watu wanaojua majina ya vitu.

Aliyeniingiza ni shangazi yangu, alipokuja kututembelea kutoka Tanga. Alisukuma mlango, akasalimia, akanyoosha kidole kwenye jibini nyeupe inayovunjikavunjika, akaniagiza nimwulizie kama anaweza kuonja. Muuzaji akakata kipande chembamba kama ukucha, akampa kwenye ncha ya kisu. Shangazi akatafuna polepole, akasema, "Haya ni maziwa mgando, mwanangu. Wameyakamua maji wakatia chumvi." Na ndivyo hasa ilivyo. Ilikuwa jibini ya Lancashire, maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa, yakatiwa chumvi na kushindiliwa. Muuzaji nilipomtafsiria alicheka kwa furaha, akamkatia nyingine ya kulinganisha.

Tangu siku hiyo nimezunguka masoko na maduka haya katika miji mingi, na nimeona kwamba elimu tuliyoipata utotoni tukiwafuata mama zetu soko la Mgandini, ya kuuliza, kuonja na kulinganisha, inatosha kabisa kumfikisha mtu. Deli yenyewe ni duka dogo, mara nyingi la familia, linalouza vyakula vya kutengenezwa kwa mikono: jibini, nyama za kukaushwa, zeituni, achari, mafuta, mikate. Nenda nalo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: chagua mji na siku

Kama hujawahi kwenda, anza na soko lenye paa, kwa sababu mvua ya huku haina adabu. Masoko ya namna hiyo yapo karibu kila mji mkubwa na mengi yana umri wa kutisha.

Leeds kuna Kirkgate, na ninalipenda kuliko yote kwa sababu ya historia yake moja. Mwaka 1884 Michael Marks, mhamiaji Myahudi aliyekuwa anajua Kiingereza kidogo sana, alifungua meza hapo akauza kila kitu kwa peni moja, na kibao chake kilisema usiulize bei, ni peni. Hakuwa na lugha ya kuelezana na wateja, akaipitia njia hiyo. Meza ile ndiyo iliyokua ikawa Marks & Spencer. Ukiwa unaona haya kwa sababu ya lafudhi yako, simama humo ukumbuke nani alisimama kabla yako.

Newcastle kuna Grainger Market, lililofunguliwa mwaka 1835. Tafuta wauza samaki wakuonyeshe heringi wa moshi kutoka kijiji cha Craster: hupasuliwa mgongoni, hutiwa chumvi, hukaushwa kwa moshi wa mbao za mwaloni. Aliyekua na ng'onda atamjua huyu kwa harufu tu.

Bristol kuna St Nicholas, ambalo sehemu yake imo ndani ya jengo la zamani la soko la nafaka la mwaka 1743. Juu ya mlango kuna saa yenye mikono miwili ya dakika: mmoja wa saa za London, mwingine wa saa za Bristol, kwa sababu zamani kila mji ulifuata jua lake na Bristol ilikuwa nyuma kwa dakika 10. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tunaielewa saa ile bila kuelezwa. (Saa zote ninazotaja humu ni za Kiswahili.)

Birmingham ilipewa ruhusa ya soko mwaka 1166. Mtu wa pwani mwenye hamu ya samaki aende huko, kwenye soko la ndani la Bull Ring, ambako samaki hupangwa juu ya barafu wakiwa na vichwa vyao, na muuzaji atakuparia na kukukatia utakavyo. London nayo ina Borough Market, karibu na daraja la London Bridge. Ni soko la kitalii na bei zake ni za juu. Nenda kwa kuonja na kujifunza, ununue kidogo.

Kuhusu siku, Borough hufungwa Jumatatu, na Jumamosi kuna msongamano wa kutosogea. Siku za katikati ya wiki, saa nne asubuhi, wauzaji wana nafasi ya kuzungumza. Masoko ya ndani ya kaskazini, Kirkgate likiwamo, hupumzika Jumapili. Maduka ya deli ya familia mengi hufunga mapema jioni na baadhi hayafungui Jumatatu, kwa hiyo angalia tovuti ya duka lenyewe kabla hujapanda treni.

Hatua ya pili: pesa, mfuko na mizani

Kadi inakubaliwa karibu kila mahali, lakini weka pauni 10 au 20 taslimu kwa ajili ya meza za matunda na wazee wasiopenda mashine. Ukiwa na noti ulizohifadhi tangu safari ya zamani, zikague: noti za karatasi za pauni 20 na 50 zilikoma kutumika madukani tarehe 30 Septemba 2022. Zinazotumika sasa ni za plastiki. Nimemwona mgeni akizuiwa kaunta na noti tatu za karatasi mkononi, na foleni nzima nyuma yake. Za zamani hubadilishwa Benki Kuu ya Uingereza.

Beba mfuko imara na, kama utanunua samaki au nyama, mfuko wa kuhifadhi baridi.

Halafu vipimo. Sheria inataka bei iandikwe kwa kilo au gramu 100, ila wauzaji wa makamo bado wanasema kwa ratili na wakia, vipimo ambavyo bibi zetu walivitumia. Ratili moja ni gramu 454. Wakitaja "robo" bila kuongeza neno wanakusudia robo ratili, yaani wakia 4, gramu 113 hivi, kiasi kizuri cha zeituni au jibini kwa watu wawili. Kinachochanganya ni kwamba kwa Kiingereza ratili na pauni ya fedha zina jina moja, kwa hiyo sikiliza vizuri kama anataja uzito au bei.

Hatua ya tatu: zunguka mkono mtupu

Mzunguko wa kwanza usinunue. Pita meza zote, tazama bei, tazama wapi wenyeji wamepanga foleni. Utaona vibakuli vya plastiki vimejazwa nyanya, pilipili hoho, maembe, kila bakuli bei moja. Hayo ni mafungu yetu. Tofauti ni kwamba huku hupangi na kupangua: usibonyeze parachichi wala kugeuza maembe bila kuomba. Mwambie muuzaji unataka la kula leo au la keshokutwa, atakuchagulia.

Bei haipatanwi. Hata hivyo Jumamosi jioni, meza zinapokaribia kufungwa, muuzaji mwenyewe huanza kupunguza kwa sauti, bakuli mbili kwa bei ya moja. Na ukiwa mteja wa kila wiki, nyongeza hutoka bila kuombwa.

Usishtuke kuitwa majina ya mapenzi. Leeds watakuita "love", Newcastle "pet", na kwetu Leicester "me duck", maana yake bata wangu. Ni heshima ya kawaida tu, kama muuza machungwa anavyokuita mpenzi wangu au dada mzuri.

Tazama pia kibandiko cha usafi mlangoni, chenye namba kuanzia 0 hadi 5. Hapa England duka halilazimishwi kukibandika, tofauti na Wales. Lisipokibandika unaweza kutafuta alama yake kwenye tovuti ya wakala wa viwango vya chakula. Mimi chini ya 4 sinunui kitu kibichi.

Hatua ya nne: kwenye kaunta ya jibini

Hapa ndipo watu wetu wengi hurudi nyuma, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza foleni. Baadhi ya kaunta zina kidude cha kuchomoa namba. Pasipo namba, kumbuka nani umemkuta, na usijibu muuzaji akiuliza nani anafuata kama zamu si yako. Zamu yako ikifika ni yako kweli. Usijione unachelewesha watu, kila aliyeko nyuma yako naye ataonja.

Salimia kabla ya kuagiza. Kisha sema ukweli: hujui jibini, unapenda vitu vya chumvi au vitu laini, na utakula na nini. Maneno hayo matatu ndiyo muuzaji anayahitaji. Atachukua gurudumu, atalichoma au kulikwangua, atakupa. Onja ya kwanza, subiri, onja ya pili. Jibini nzuri hubadilika mdomoni: huanza na maziwa, ikafuata chumvi, ikaishia kwenye kitu kama karanga au kama nyasi zilizonyeshewa. Kuonja mbili tatu ni kawaida, na ukiona hukupenda sema hivyo bila kuzunguka.

Za kuanzia ni hizi. Lancashire, kwa sababu ya ukaribu wake na mgando wetu. Wensleydale ya Yorkshire, nyepesi, Waingereza huila na keki ya matunda. Cheddar ya Somerset iliyofungwa kitambaa, ambayo haifanani hata kidogo na ile ya pakiti ya supamaketi: ganda lake ni la kijivu, na ndani inavunjika kama mwamba. Ukishaizoea hiyo, jaribu Stilton. Najua mishipa ile ya buluu inatisha, maana kwetu kitu kikiota ukungu ni cha kutupwa. Ukungu huu hutiwa kwa makusudi, kisha jibini hutobolewa kwa sindano ndefu ili hewa iingie na ukungu uote ndani. Kisheria hutengenezwa mikoa mitatu tu, Derbyshire, Nottinghamshire na Leicestershire yetu, na lazima maziwa yawe yamechemshwa kuua vijidudu. Nottinghamshire yupo anayetengeneza kama hiyo kwa maziwa mabichi, na kwa sababu hiyo tu haruhusiwi kuiita Stilton, akaipa jina Stichelton. Mjamzito aziache jibini laini za ukungu na jibini laini za maziwa mabichi, mpaka ajifungue.

London, mahali pazuri pa kujifunza haya ni Neal's Yard Dairy, iliyoanza mwaka 1979 Covent Garden na ina duka pembeni mwa Borough Market. Wanauza jibini za Uingereza na Ireland na wanaonjesha bila kinyongo. Ukitaka kujua cheddar hii ina thamani gani, Oktoba 2024 walaghai waliojifanya wanunuzi wakubwa waliwaibia tani 22, mali ya pauni 300,000.

Sasa bei, na hapa niliumia. Katika duka moja la London niliomba "kipande" cha cheddar ya kitambaa. Sikuuliza bei. Muuzaji akaweka waya, akauvuta chini kwa mikono miwili, jibini ikaachana bila sauti. Mizani ikasoma gramu 620. Bei ilikuwa pauni 36 kwa kilo, nikalipa pauni 22 na peni 32 kwa kitu nilichodhani ni cha pauni tano. Jibini ikishakatwa huwezi kuirudisha. Kwa hiyo fanya hivi: taja uzito, gramu 100 au 150, au taja fedha, nikatie ya pauni nne. Kisha mwombe akuonyeshe kisu kilipo kabla hajakata. Atakiweka juu ya jibini na kukutazama. Sogeza kidogo, bado kidogo, hapo hapo. Wala haoni ajabu.

Utaratibu ni ule ule kwa zeituni, kwa samaki wadogo wa chumvi na kwa mafuta ya zeituni. Deli za Kitaliano za mtaa wa Soho, London, mfano Lina Stores iliyopo tangu 1944, zinauza tambi mbichi kwa uzito, na gramu 120 kwa mtu mmoja zinatosha.

Hatua ya tano: uliza kilichomo

Kwa sisi Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, kutazama tu hakutoshi. Nguruwe wa deli haonekani sikuzote. Yumo kwenye mkate wa nyama wa Melton Mowbray waziwazi, lakini yumo pia kwenye nyama inayozunguka yai lile la kukaanga wanaloliita la Kiskoti, na mafuta yake huweza kuwemo kwenye unga wa sambusa zao na baadhi ya keki. Uliza mafuta yaliyotumika ni ya nini.

Uliza pia kuhusu mashine ya kukatia nyama. Hiyo hiyo iliyokata paja la nguruwe ndiyo itakayokata nyama yako ya ng'ombe. Wengi wataisafisha ukiomba kwa upole, na wengine watakuambia kwa uaminifu kwamba hawawezi kukuhakikishia. Huyo wa pili namheshimu zaidi.

Kwenye jibini kuna suala la kigandisho. Jibini nyingi za kienyeji hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na parmesan halisi ya Italia hairuhusiwi kutumia kingine. Wanazuoni wametofautiana juu yake, fuata unayemwamini. Asiyetaka atafute alama ya wala mboga, maana hiyo haina kigandisho cha mnyama.

Wenye mzio wana sheria inayowalinda. Mwaka 2016 Natasha Ednan-Laperouse, binti wa miaka 15, alifariki kwa sababu ya ufuta uliokuwa ndani ya mkate na haukuandikwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, chakula kinachofungwa dukani hapo hapo kabla hujakichagua lazima kiandikwe viungo vyote, na vile 14 vya mzio vikolezwe wino. Kisichofungwa, muuzaji anapaswa kuweza kukuambia. Ufuta, karanga na korosho viko kwenye mapishi yetu mengi, watoto wetu wameshavizoea, lakini mgeni wa mtoto wako huenda hajazoea. Uliza kwa niaba yake pia.

Hatua ya sita: tafuta vya kwetu

Mkija Leicester, nendeni Belgrave Road. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji huu ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Walikuja. Na walikuja na vyakula vya Kampala, Jinja na Mwanza, kwa kuwa wengine walitokea Kenya na Tanganyika yetu. Kwenye majokofu utaona pakiti zimeandikwa "mogo". Hiyo ni mihogo, imemenywa na kukatwa, jina likiwa limepoteza herufi njiani. Mikahawani kuna mishikaki. Wazee waliozaliwa Afrika Mashariki bado wanakisema Kiswahili: sema "shikamoo, mzee" kwenye kaunta uone uso unavyofunguka. Mmoja alinipimia bizari huku akiniuliza kama ule mwembe wa karibu na stesheni ya Tanga bado upo.

London nendeni Ridley Road, Dalston, au Brixton, kwa ndizi, viazi vikuu na nyama ya mbuzi.

Ndugu anayekuja kutoka nyumbani mwambieni asifunge nyama kavu wala samli kwenye sanduku. Bidhaa za nyama na maziwa kutoka Afrika Mashariki huchukuliwa uwanja wa ndege.

Hatua ya saba: ukifika nyumbani

Jibini itoe kwenye plastiki. Ifunge kwa karatasi ya nta au ile ya kuokea, uiweke droo ya chini ya jokofu, na uitoe saa moja kabla ya kula, la sivyo ladha yote inabaki imelala. Ikiwa ngumu na imeota doa la ukungu pembeni, kata sehemu hiyo kwa ukarimu, iliyobaki ni salama. Laini ikiota ukungu usiotakiwa, itupe.

Zeituni ziache ndani ya mafuta yake au maji yake ya chumvi.

Na yule heringi wa Craster, Waingereza humla asubuhi na siagi na mkate. Mimi humpitisha maji ya moto dakika tano, nikamtoa miiba mikubwa, nikamtia kwenye tui zito la nazi pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili mbichi, moto mdogo, ndimu mwishoni. Chumvi usiguse mpaka uonje mchuzi, kwa sababu aliyemkausha ameshaitia.